Masalio ya Gari

Miongoni mwa biashara ndogo zifanywazo mijini pasipo kibao mlangoni wala mizani mezani, iko moja isiyojulikana sana ila na waifanyao, nayo ni ya mtu kuwauzia wapenzi wenziwe vipuri vya gari vilivyomsalia. Vipuri hivi si vipya vya dukani, wala si vya gari lililopinduka likauzwa vipande vipande. Ni vipuri vya asili, ambavyo gari lilitoka navyo kiwandani, kisha mwenye gari akaving'oa kwa hiari yake akatia vingine vilivyompendeza zaidi au vilivyompunguzia gharama. Alivyoving'oa hakuvitupa. Alivipaka grisi, akavifunga kwa magunia, akavilaza bandani, akajiambia kwamba iko siku atavirudisha mahali pake. Siku hiyo aghalabu haifiki. Hufika nyingine, ambayo banda lahitajiwa kwa kazi ya maana zaidi, na hapo ndipo biashara inapoanza.

Mtu atakayesimuliwa hapa alikuwa mpima ardhi, mkazi wa Arusha, na alipostaafu alibaki na mambo mawili ya kumpa jina mtaani: mwandiko mzuri uliozoea ramani, na Land Rover ndefu ya mwaka 1974. Gari hilo alilinunua mnadani mwaka 1986, likiwa halina betri wala kioo cha mbele, na kuku wamelala katika kiti cha dereva. Lilikuwa la namna iitwayo Series III, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971 ikakoma mwaka 1985. Ukoo wake ulionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, miaka ambayo chuma kilikuwa kikigawanywa kwa kibali Uingereza, na kwa hiyo bodi ya gari ikafanywa kwa bati la alumini. Uhaba wa Waingereza ukawa baraka ya watu wengine. Mpaka leo magari hayo hula kutu katika chesisi, ilhali mabawa yake hung'aa ukiyasugua kwa mchanga.

Mpima ardhi hakulinunua gari hilo kwa fahari. Ujana wake wote alikuwa amebebwa na mifano yake, vyombo vya kupimia vikiwa juu ya mapaja yake ili visitikisike, na aliyajua magari hayo kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wa mwajiri wake. Kupata lake kulimfurahisha kuliko kupata nyumba, jambo ambalo mkewe amekuwa akilikumbusha mbele ya wageni.

Asidhani kijana wa leo kwamba tabia ya kuweka vipuri ni uchoyo. Watu wa umri wa mpima ardhi walifundwa na dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa adimu Tanzania, na gari zima liliweza kukaa juu ya mawe miezi mingi kwa kukosa raba moja ya breki isiyozidi kifuniko cha chupa. Mtu aliyekuwa na beringi ya akiba hakuisema hadharani. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, maduka yalianza kupata vitu tena, walakini mikono iliyozoea kuokota nati barabarani haikuacha kuokota. Hata sasa, mpima ardhi huyo akiona bolti kando ya njia huinama.

Mabadiliko ya gari lake yalikuja kidogo kidogo. Kwanza aliondoa kabureta ya asili, Zenith, akatia Weber, kwa kuwa mafundi wote walimwambia afanye hivyo. Kisha springi za nyuma, zile za mapande ya chuma yaliyolala tabaka juu ya tabaka, zikabadilishwa kwa nyingine nyepesi zisizomvunja mtu kiuno. Kisha usukani. Kisha uso wa mbele wa plastiki, akaweka wa waya wa magari ya zamani, ambao husemwa kwamba uliwafaa wasafiri kuchomea nyama. Mwaka 1998 akafanya lililo kubwa. Injini yake ya petroli, ya ujazo wa sentimita 2286, ilikuwa ikienda kilomita sita hivi kwa lita moja, na mshahara wa mpima ardhi haukuwa ukienda mbali kuliko hapo. Wakati huo injini zilizotumika Japani zilikuwa zimejaa mijini. Alinunua ya Toyota, ya dizeli, pamoja na giaboksi yake, akamwachia fundi gari wiki tatu, na lilipotoka lilikuwa likinguruma kwa sauti ya gari jingine. Namba ya injini ikabadilishwa katika kadi. Waliojiona wapenzi wa kweli wakaliita gari hilo chotara. Injini ya zamani ililazwa juu ya mbao mbili mwishoni mwa banda, ikafunikwa turubai, ikakaa hapo miaka ishirini na sita.

Kuna faida kutua kidogo juu ya neno hilo la kukaa. Kitu cha asili kilichong'olewa hakiwi sawa na kitu cha akiba. Cha akiba hungoja kingine kiharibike. Cha asili hungoja mwenyewe abadili nia. Maadamu injini ile ilikuwa bandani, gari halikuwa chotara kwa moyo wa mwenyewe. Lilikuwa gari la 1974 lililoazima nguvu kwa muda. Aliweza kuendesha dizeli yake miaka ishirini na sita huku akijihesabu kuwa mwenye gari la petroli. Watu wengi wana injini ya namna hiyo chini ya turubai, na si wote wenye magari.

Mwaka 2024 mambo mawili yalilifungua banda. La kwanza ni kwamba dada wa mpima ardhi alifiwa na mumewe, na ndugu wa marehemu hawakumwachia nafasi ya kukaa. Ilikubaliwa kwamba banda litiwe sakafu, dirisha na mlango, awe nacho chumba chake. La pili lilikuwa la furaha: Oktoba mwaka ule Land Rover zilikusanyika Arusha kutoka pande nyingi, kwa tamasha lililokusudia kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo. Kwa siku chache mji ulinuka petroli ya zamani. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa kiwanda kilipoacha kutengeneza Series III walionekana wamelala chini ya magari hayo kwa mashati meupe. Tamasha lilipokwisha, kiu yao haikwisha. Habari zikaenda kutoka gereji hadi gereji kwamba yuko mzee mwenye vitu vya asili, na kwamba anauza.

Alivitoa vyote uani, akavifuta, akavipanga juu ya mikeka mikuukuu. Kisha akafanya jambo lililowashangaza majirani. Alikata maboksi vipande vilivyo sawa, na juu ya kila kipande akaandika, kwa mwandiko ule wa ramani, jina la kipuri, mwaka kilipotolewa garini, bei yake, na chini kabisa, kwa wino mwekundu, ila yake. Kila kipuri kilifungiwa kikaratasi chake kwa uzi. Hapakuwa na kisicho na ila. Hata usukani, ambao jicho la kawaida liliuona mzima, uliandikwa: "Una ufa mwembamba upande wa chini. Huuma kidole wakati wa baridi."

Kijana wa kwanza kufika alikuwa muuguzi, mwenye Land Rover ya mwaka 1979 aliyoikuta na kabureta ya kuigiza isiyotulia. Alisalimu kwa adabu, akachuchumaa penye Zenith, akaisoma karatasi yake. Iliandikwa kwamba uso wa kuungania umepinda na kwamba kabureta huvuta hewa. Ila hiyo ni ya kawaida katika kabureta za aina ile. Sehemu yake ya juu na ya chini hukutana kwa uso mpana uliolala, na skrubu zikikazwa kupita kiasi, na joto la injini likaongezeka, uso hupinda kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho. Hewa hupenya, na injini husitasita ikiwa imesimama. Wengi waliotupa Zenith na kununua Weber walitupa kitu ambacho kingeponywa kwa kipande cha kioo na msasa.

"Mzee," akasema kijana, "hapa si umejiharibia biashara?"

"Lipa nusu ya bei hiyo," akajibu mpima ardhi, "kisha ukatandike msasa juu ya kioo, uusugue uso wake polepole, usiwe na haraka. Ukiona mwanga haupiti, umemaliza."

Kijana alilipa shilingi 60,000. Baada ya majuma mawili alirudi na gari lake, akalisimamisha mlangoni bila kuzima, akafungua boneti, akamwita mzee aje asikie. Walisimama pale robo saa nzima wakisikiliza injini isiyofanya lolote ila kutulia. Mtu asiyependa magari angewadhania wagonjwa.

Hapo ndipo panapojulikana tofauti ya bei hii na nyingine. Dukani bei hutoka kwa mwenye duka. Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu hutoka kwa mizani, na kabureta aliyoitengeneza fundi kwa vipimo vya unywele huwa sawa na sufuria lililotoboka. Kwa wapenzi wenyewe kwa wenyewe bei hutoka katika mazungumzo, na mazungumzo huanza kwa swali moja: kinakwenda gari gani? Asiyeweza kulijibu hauziwi, au huuziwa ghali. Mkulima mmoja alikuja kutoka Mto wa Mbu kwa ajili ya springi, akiwa na mkungu wa ndizi wa kumlainisha muuzaji. Aliambiwa arudi na gari. Magari hayo springi za upande wa dereva si sawa na za upande wa pili, na atiaye kinyume huendesha gari lililoinama kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Alirudi nalo siku ya nne, likapimwa, akauziwa. Ndizi zilipokewa tangu siku ya kwanza. Mwingine alitaka kipimo cha mwendo kwa gari lake la mwaka 1965. Huyo alirudishwa mikono mitupu, kwa kuwa vipimo vya magari ya wakati ule vilikuwa katikati ya dashibodi na vya Series III viliwekwa mbele ya dereva. Angeweza kukilazimisha, lakini mpima ardhi hakutaka kuwa mshiriki wa jambo hilo. Uso wa plastiki haukutakiwa na mtu yeyote. Sasa umezibia tundu la banda la kuku, na kuku wa leo, wajukuu wa wale wa mnadani labda, wanatazama nje kupitia humo.

Isidhaniwe kwamba mambo yote yalikuwa hisani. Wako waingiao katika urafiki huu kama fisi aingiavyo kundini. Husifu gari lako, hutaja miaka na namba kwa ufasaha, hununua kwa bei ya mwenzi, kisha kesho kipuri hicho kimelala juu ya meza ya dalali kwa bei mara tatu. Dalali mwenyewe alikuwa mwungwana kuliko hao. Alikuja waziwazi, akatembea kati ya mikeka, akataka vyote kwa mara moja, injini ikiwamo, akataja fedha iliyotosha mabati, saruji na mlango, na baki. Mpima ardhi akamwuliza swali lake la siku zote.

"Vinakwenda kwa mwenye fedha," akajibu dalali.

Alikataliwa. Jioni ile mkewe mpima ardhi, aliyekuwa akichambua mchele na kusikia kila neno, alisema kwamba fedha ya dalali nayo hununua mabati, na kwamba wifi yake analala sebuleni juu ya godoro la wageni mwezi wa pili huu. Neno hilo lilikuwa la haki, na mpima ardhi hakulijibu. Mapenzi ya magari, kama mengine, hulipiwa mara nyingi na mtu asiyekuwamo. Ikakatwa shauri: kilichosalia kingoje mpaka mwisho wa Desemba, na kisiponunuliwa kitapelekwa kwa mizani. Kilichosalia wakati huo kilikuwa injini.

Karatasi ya injini ilikuwa ndefu kuliko zote. Ilisema: "Injini, petroli, 2286. Ilitolewa garini 1998. Beringi kuu tatu. Inakula oili. Kompresheni ya silinda ya tatu ni hafifu kuliko za wenzake. Ilizungushwa kwa mkono kila mwaka isigande." Hilo la beringi tatu si ila, ndivyo zilivyokuwa injini zote za namna ile mpaka mwaka 1980, zilipoanza kutoka zenye beringi tano. Lakini mpima ardhi aliliandika kwa wino mwekundu, asije mtu akasema hakuambiwa.

Ukali huo wa kuandika ila ulikuwa na chanzo. Injini ile ilipotolewa ilitolewa pamoja na giaboksi yake, na giaboksi haikukaa bandani hata mwezi. Ilinunuliwa na rafiki yake, mwalimu wa sekondari, mwenye Land Rover ya aina ile ile, ambaye kwa miaka kumi walikuwa wakitengeneza magari yao pamoja kila Jumamosi na kukopeshana spana. Ilikuwa na ugonjwa mmoja. Gari likiteremka mlima katika gia ya pili, na dereva akiondoa mguu katika mafuta, gia iliruka yenyewe ikatoka, gari likabaki huru. Mpima ardhi aliuzoea ugonjwa huo kiasi cha kuusahau. Kila mteremko alikuwa akiukandamiza mkono wa gia kwa goti la kushoto. Lakini siku ya kuuza hakuwa ameusahau. Alihitaji kulimalizia deni la fundi. Mwalimu alipouliza kama giaboksi ni nzima, alijibiwa kwamba ni nzima.

Mwezi wa tatu baada ya hapo mwalimu alikuwa akiteremka na jamaa yake yote ule mteremko mkali uangaliao Mto wa Mbu. Gia ya pili ikaruka. Breki za magari yale ni za dramu katika magurudumu yote manne, na zikishapata moto hulegea. Mwalimu alizikanyaga mpaka hazikumsikia, akaligeuza gari akaligonga katika ukingo wa udongo. Hakufa mtu. Mkewe alivunjika mkono. Mwalimu hakuja kudai, hakutuma mjumbe, hakusema neno kwa watu wa gereji. Aliacha tu kuja siku za Jumamosi. Mpima ardhi alizipata habari kwa wengine, akakusudia kwenda kuwapa pole, akaona haya, akaahirisha. Na pole ina wakati wake, ukipita huwa vigumu kuitoa mdomoni. Waliishi mji mmoja miaka ishirini na sita wakisalimiana kwa mkono wa mbali.

Siku ya Jumamosi katikati ya Desemba, Land Rover moja ilisimama mlangoni, akashuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa ovaroli.

"Shikamoo, baba mkubwa," akasema.

Mpima ardhi aliitikia marahaba kabla ya kumtambua. Hapana mtu mwingine katika mji ule aliyepata kumwita baba mkubwa. Ni mtoto mmoja tu, aliyekuwa akishikishwa tochi chini ya gari siku za Jumamosi. Naye alikuwa katika kiti cha nyuma siku ile ya mteremko, ana umri wa miaka sita.

Aliisoma karatasi ya injini tangu juu hata chini. Akauliza kompresheni ilipimwa lini, akaambiwa mwaka ule ule wa 1998, akatikisa kichwa, akatoa chombo chake akapima upya kwa kuizungusha. Silinda ya tatu ilikuwa hafifu kidogo kuliko ilivyoandikwa. Aliitaja tarakimu, na mpima ardhi akachukua kalamu nyekundu akasahihisha. Kisha yule mwanamke akasema, "Inatufaa. Ya kwetu imepasuka bloku. Baba yuko garini."

Kutoka uani mpaka barabarani ni hatua thelathini, na mpima ardhi ni mtu wa kuhesabu hatua. Mwalimu alikuwa amekaa upande wa abiria, fimbo kati ya miguu, kioo kimeteremshwa.

"Habari za siku, bwana," akasema mpima ardhi.

"Nzuri. Nasikia siku hizi unaandika ila."

"Naandika."

"Kwa wino mwekundu."

"Kwa wino mwekundu." Akanyamaza, kisha akasema, "Gia ya pili ilikuwa ikiruka. Nilijua."

Mwalimu alitazama mbele. "Nilijua kwamba ulijua," akasema. "Miaka kumi nilikaa karibu nawe nikikuona unaushika mkono wa gia kwa goti katika kila mteremko. Nilidhani ni mazoea tu ya wapima ardhi. Nilipokuwa nimekaa kandokando ya njia siku ile ndipo nilipofahamu maana ya goti."

Mpima ardhi alisema maneno ambayo alipaswa kuyasema mwaka 1998, ya pole kwa mkono wa shemeji yake, na yalitoka yamekauka kama alivyoyaogopa. Mwalimu aliyapokea kwa kuinua kidole katika fimbo. Kisha mpima ardhi akasema kwamba injini haitalipiwa.

"Bei yake haikuandikwa?" akauliza mwalimu.

"Imeandikwa. 900,000."

"Basi hiyo ndiyo bei. Na lile jingine halilipwi kwa injini."

Binti yake alizihesabu fedha juu ya boneti, noti kwa noti, mbele ya wote wawili. Vijana wanne wa mtaani wakaitwa, magogo matatu yakasimamishwa, mnyororo ukatungikwa, injini ikanyanyuka kutoka katika mbao zake kwa mara ya kwanza tangu ilipolazwa. Ilipokuwa inaning'inia, karatasi yake ilikatika uzi ikaanguka. Binti aliiokota, akaipangusa, akaifunga tena kwa waya.

Giaboksi ilikuwa bado katika gari lile. Mwalimu aliifungua baada ya ajali, akabadilisha kilichokuwa kimelika, akaendelea nayo miaka yote hiyo. Hakueleza kwa nini hakuitupa, wala hakuulizwa. Hivyo injini na giaboksi zilizotoka pamoja kiwandani mwaka 1974 zilikuwa zinakwenda kufungwa pamoja tena, katika gari la mtu mwingine. Wapenzi wa magari ya Arusha walilisikia jambo hilo wakafurahi mno, wakalisimulia kama arusi. Wao hawakujua lililosalia.

Saruji ilimwagwa juma lililofuata, na kabla ya mwaka kwisha dada yake mpima ardhi alikuwa na mlango wa kufunga. Katikati ya Januari ulifika ujumbe mfupi kwa simu kutoka kwa yule binti: injini imewaka, bolti zote za giaboksi zimeingia bila kulazimishwa, gia ya pili imeshika mlimani na bondeni. Mpima ardhi aliusoma mara mbili, akamsomea mkewe. Mpaka mwisho wa mwezi ule alikuwa hajaalikwa kwenda kuisikia, wala hakuwa ameomba.